Habari ya Kifungo cha Mashua



 Wengi wenu mmesikia habari ya mashua asubuhi ile ya mtihani wa Leta. Ku internati wanasema motere ilipatwa na shetani. Ku jikoni wanasema Papa Nahodha alisinzia ku volani. Wengine wanasema esanse ilichanganyika na maji. Maneno haya yote si ya kweli, na lile la Papa Nahodha ni kumwonea bure. Sisi wanane wa mwaka wa tano, seksioni ya mekanika, tunajua kilichotokea, sababu ni sisi tuliokifanya. Ndiyo maana tumeomba nafasi katika gazeti, tuwaelezee toka mwanzo mpaka mwisho.

Mtuvumilie kidogo. Kwanza inatupasa kueleza namna motere inavyofanya kazi. Asiyejua motere hataona kosa letu lilikuwa wapi.

1. Motere inayopanda na kushuka

Mashua ya shule ina urefu wa metre 8. Inabeba wagonjwa, unga, vitabu, wachungaji wanaokwenda mikutanoni, na sisi wanafunzi. Zamani ilikuwa na motere ya nguvu ya farasi 40. Motere ile iliegemea chuma kimoja kinene kama msumari, kilichopita katika tundu. Matundu yalikuwa kadhaa, moja juu ya lingine. Ukitaka motere iiname namna nyingine, unasimamisha mashua, unachomoa chuma, unakitia ku tundu lingine, kisha unaendelea na safari. Nani atafanya hivyo katikati ya mawimbi? Basi chuma kilikaa ku tundu lile lile miaka yote.

Mwalimu wetu alituambia kama Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, alianza kuuza motere za kufunga nyuma ya mashua mwaka 1909, na kama motere yake ilikuwa na nguvu ya farasi moja na nusu tu. Kwa nguvu ndogo namna ile, motere ikiinama kidogo huku au kule, abiria hataona tofauti kubwa. Lakini motere tuliyo nayo sasa iko ya farasi 90. Hapo kuinama ni jambo kubwa.

Fikirini toroli ya kubebea mchanga. Ukiinua mikono yake juu sana, gurudumu la mbele linachimba udongo. Ukiishusha, mbele inakuwa nyepesi. Mashua iko karibu vile. Elisi, ndiyo ile panga inayozunguka majini, inasukuma maji nyuma. Motere ikishushwa mpaka karibu na mgongo wa mashua, pua ya mashua inakaa chini. Motere ikipandishwa kidogo, pua inainuka.

Kwa hiyo nahodha anapoondoka na mzigo, anaishusha motere mpaka chini, ili mashua isikae kitako kama mbwa. Mashua ikiisha kushika mbio juu ya maji yaliyotulia, anaipandisha kidogo. Sehemu ya mashua inayogusa maji inapungua, mbio inaongezeka, na esanse haiishi upesi. Mawimbi yakimjia uso kwa uso, anaishusha tena, ili pua ipasue maji na isipigwe na upepo. Mawimbi yakimfuata nyuma, anaipandisha, ili pua isizame katika wimbi la mbele. Lakini akizidisha kupandisha, mashua inaanza kurukaruka kama mbuzi, juu na chini, juu na chini, halafu elisi inavuta hewa. Hapo motere inalia kwa sauti kubwa lakini haisukumi kitu.

Ku motere hii mpya hakuna kuchomoa chuma. Iko pompi ndogo inayozungushwa na umeme wa batri, volti 12. Ikizunguka upande mmoja, mafuta yanasukuma pistoni na motere inapanda. Ikizunguka upande mwingine, inashuka. Nahodha anabonyeza kifungo tu. Kifungo chenyewe kina nafasi tatu: juu ni kupanda, chini ni kushuka, na ukikiachilia kinarudi katikati chenyewe na pompi inanyamaza.

2. Mikono miwili

Kazi ilikuwa ku mahali pa kifungo. Wale waliofunga motere waliweka kifungo ku ubao wa mbele, upande wa kushoto kabisa, nyuma ya volani. Mkono wa gazi uko upande wa kuume. Tazameni sasa Papa Nahodha katika mawimbi: mkono wa kuume uko ku gazi, wa kushoto uko ku volani. Akitaka kushusha motere, inafaa aachilie volani, apitishe mkono nyuma yake, atafute kifungo kwa kupapasa.

Siku moja, mashua ikirudi na magunia ya unga, alifanya hivyo na wimbi likaja wakati ule ule. Mashua iligeuka ubavu. Magunia matatu yalilowana, na mama mmoja wa jikoni alianguka na kuumia goti. Papa Nahodha alikuja ku atelie yetu kesho yake, kofia mkononi, akasema:

— Batoto, mimi niko na mikono mbili tu. Moja iko ku volani, ingine iko ku gazi. Munataka kifungo nikibonyeze na meno?

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema alikwisha kuona mashua zingine zenye kifungo ndani ya kichwa cha mkono wa gazi, pale pale chini ya kidole gumba. Mkono hautoki ku gazi, mkono mwingine hautoki ku volani, na motere inapanda na kushuka. Aliuliza kama sisi tunaweza kufanya hivyo.

Ndugu, muwaze furaha yetu. Miaka mitatu tunachora motere ku ubao na kufungua motere zilizokufa. Sasa mtu mzima anakuja kutuomba kazi ya kweli. Tulijibu "Ndiyo, Papa" wote kwa pamoja, hata kabla Mwalimu hajafungua mdomo.

3. Namna tulivyofanya kazi

Mwalimu alitufundisha kwanza njia ya umeme. Kifungo hakibebi umeme wote wa pompi. Pompi inakula umeme mwingi, na kifungo kidogo kingeungua. Kati yao kuna rele mbili, moja ya kupandisha na moja ya kushusha. Rele iko kama mlinzi wa lango: mtoto anamwita kwa sauti ndogo, naye anafungua lango zito. Kwa hiyo waya za kifungo zinaweza kuwa nyembamba, na zinaweza kupita ndani ya mkono wa gazi, ambao uko wazi katikati kama bomba.

Waya ziko tatu. Ku motere yetu, nyekundu inaleta umeme kutoka batri. Ya buluu inakwenda ku rele ya kupandisha. Ya kijani inakwenda ku rele ya kushusha. Kifungo kinaunganisha nyekundu na buluu, ao nyekundu na kijani, basi. Hakuna siri ingine.

Tuliamua kuacha kifungo cha zamani mahali pake, na kuunganisha kipya kando yake, rangi na rangi yake. Hivyo kimoja kikikufa, kingine kinabaki. Mmoja wetu aliuliza: watu wawili wakibonyeza pamoja, huyu kupandisha na huyu kushusha, itakuwa namna gani? Tulijaribu. Pompi haikuungua. Ilinyamaza tu, kwa sababu rele zote mbili ziliipa umeme ule ule pande zote mbili, na hakuna upande wa kwenda. Tulifurahia sana jambo hili, bila kujua kama tutalikumbuka siku nyingine na moyo ukidunda.

Kifungo kilinunuliwa Bujumbura, kile chenye mpira wa kuzuia maji. Tulifungua mkono wa gazi, tukatoboa tundu ku kichwa, tukalipanua kwa tupa kidogo kidogo. Kupitisha waya ndiko kulitutesa. Ndani ya mkono kuna kona moja chini, pale unapozunguka ukisukumwa mbele ao nyuma. Tulitanguliza waya ya breki ya kinga, tukafunga zile tatu ku mwisho wake, tukavuta. Zikakwama. Tukavuta tena. Zikakwama. Mara ya tatu tulivuta watu wawili, zikapita.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Jumamosi asubuhi mashua ilikuwa na safari.

Tulipoangalia, tuliona ngozi ya waya nyekundu imechubuka mahali pamoja, pale pale ku kona. Shaba ilionekana, urefu wa punje ya mchele. Ya buluu pia ilikwaruzwa karibu yake. Tundu la chuma ku ile kona lilikuwa na ukingo mkali, na sisi hatukulipiga tupa wala kuliwekea mpira wa kukinga waya. Mwalimu alikuwa ametuambia vyote viwili. Viliandikwa hata ku daftari zetu.

Mmoja wetu alisema: "Tufungue tena." Hatutaandika ni nani, maana wote tulimsikia na wote tulinyamaza. Kengele ya chakula ikalia. Mwingine akatoa skochi nyeusi ya umeme mfukoni. Tulizungusha mara nne, tukasukuma waya ndani, tukafunga mkono wa gazi.

Mwalimu alipokuja na taa alituuliza:

— Vipi, mabwana?

— Iko sawa, Mwalimu.

Tulimwonyesha. Mashua ilikuwa imefungwa ku nguzo, mkono wa gazi uko katikati. Tulibonyeza kupanda mara kumi, kushuka mara kumi. Motere ilitii mara ishirini. Mwalimu alitupa mkono kila mtu. Papa Nahodha alibonyeza na kidole gumba, akacheka kama mtoto aliyepewa sukari, akatuombea baraka pale pale ku kivuko.

Tulilala tukiwa watu wakubwa.

4. Asubuhi ya mtihani

Majuma mawili kifungo kilifanya kazi bila shida. Wakubwa wetu wa mwaka wa sita walikuwa wakijitayarisha kwa mtihani wa Leta, na senta yao iko mjini, karibu kilometre 25 upande wa kusini. Kwa mashua ni pungufu ya saa moja.

Ilikuwa wakati wa kiangazi, na ninyi mnajua upepo wa kusini wakati wa kiangazi. Ziwa letu lina urefu wa kilometre zaidi ya 670. Upepo ukitoka kule mwisho, unapata nafasi ya kutosha kuyapanga mawimbi. Asubuhi ile yalikuwa yamekwisha kupangwa. Ndani ya mashua walikuwa wafinalisti kumi na mmoja, mwalimu mmoja, Papa Nahodha, na wawili wetu tuliochaguliwa kwenda kusaidia ku kivuko na kubeba makopo ya esanse. Wote walivaa jile za kuelea. Mama Mtunzaji wa wasichana aliomba sala ku kando, na tukaondoka.

Tulikuwa tumechelewa kidogo, mzigo ulikuwa mkubwa, na upepo ulikuwa wa uso. Papa Nahodha alishusha motere chini kabisa, akasukuma gazi mpaka mwisho. Katika zile juma mbili alikuwa hajafika mwisho hata mara moja, kwa sababu safari zote zilikuwa nyepesi.

Pua ya mashua ilianza kushuka vizuri. Halafu tukasikia pompi. Nyiiii. Hakuna mtu aliyebonyeza. Kidole gumba cha Papa Nahodha kilikuwa juu ya mkono, mbali na kifungo. Motere ilikuwa ikipanda yenyewe. Pua ikainuka, upepo ukaipiga, mashua ikaruka juu ya wimbi la kwanza na kuanguka pwaa! Wadada wakapiga kelele. Motere ikapanda tena, elisi ikavuta hewa, sauti ikawa kama ya msumeno.

Papa Nahodha akabonyeza kushusha. Pompi ikanyamaza, lakini motere haikushuka. Akaachilia, nayo ikaendelea kupanda. Sisi wawili tulitazamana. Tulikuwa tunajua neno hili: rele mbili pamoja, pompi inanyamaza. Kwa hiyo iko kitu kinachobonyeza kupanda, na kitu hiki si mtu. Sisi tulikuwa tunajua ni kitu gani.

Papa Nahodha akarudisha gazi nyuma. Pompi ikanyamaza yenyewe. Akashusha motere, ikakubali. Akasukuma gazi tena mpaka mwisho. Nyiiii. Mara ya tatu alielewa sehemu: "Ku mwisho wa mkono, iko jambo." Akaacha gazi katikati, tukaenda polepole, pua ikigonga mawimbi, maji yakiingia ku mapaja ya wafinalisti. Walikunja mwili juu ya mifuko yao ili makaratasi ya mtihani yasilowane. Kaka mmoja alikuwa akitazama saa kila dakika. Hakusema kitu. Alitazama tu.

Na sisi pia hatukusema kitu.

Ndugu, hapa ndipo tunapotaka mtuelewe. Tulikaa kimya karibu nusu saa. Si kwamba hatukujua. Tuliona haya ya Mwalimu aliyetupa mkono. Tuliona haya ya Papa Nahodha aliyetuombea. Tuliwaza: labda itatengemaa, labda tutafika, labda hakuna atakayejua. Kila mmoja wetu alingoja mwenzake aseme. Na kila dakika tuliyongoja ilichukuliwa ku mtihani wa wakubwa wetu, si ku wetu.

Mwisho mmoja wetu alitambaa mpaka mbele, akashika mguu wa suruali ya Papa Nahodha, akasema:

— Papa, waya ya ndani ilipasuka tangu siku ile. Tulifunga na skochi. Tulisema iko sawa, na haikuwa sawa.

Papa Nahodha hakugeuza kichwa. Alisema:

— Inatoka wapi?

— Chini ya ubao. Fundo tatu.

— Chomoa.

Tuliingia chini ya ubao wa mbele, tukachomoa fundo tatu, nyekundu, buluu, kijani, za kifungo chetu tu. Kifungo cha zamani kikabaki. Haikuchukua hata dakika mbili. Papa Nahodha alipitisha mkono nyuma ya volani kama zamani, akashusha motere, akasukuma gazi mpaka mwisho. Pompi ikanyamaza. Pua ikashuka, mashua ikashika mbio, na tukayapasua mawimbi.

Dakika mbili, baada ya kunyamaza nusu saa.

Tulipofika, wafinalisti walikimbia kutoka kivuko wakiwa wamelowana mpaka kiuno. Wenzao walikuwa wamekwisha kukaa na makaratasi yamekwisha kugawanywa. Walipokelewa, Mungu asifiwe, lakini walikuwa wamepoteza robo saa. Kama robo saa ile ilimpotezea mtu swali moja ao mawili, hatujui, na hatutajua kamwe. Hilo ndilo linalotusumbua mpaka leo.

5. Namna kosa lilivyokuwa

Tuliporudi tulifungua mkono wa gazi mbele ya Mwalimu. Ku kona, ukingo wa chuma ulikuwa umekula skochi, mara moja kwa kila safari. Mkono ukiwa katikati, waya zililegea na hazikugusana. Mkono ukisukumwa mpaka mwisho, kona ilizibana, shaba ya nyekundu ikagusa shaba ya buluu. Kwa rele ilikuwa sawasawa na mtu aliyebonyeza kupandisha.

Tuliuliza: mbona fizible haikukatika? Mwalimu alisema fizible inakatika umeme ukizidi. Hapa umeme haukuzidi. Ulipita njia yake ya kila siku, ila bila ruhusa ya mtu. Fizible haiwezi kujua kama kidole kiko ao hakiko.

Tena aliuliza neno lililotuumiza zaidi:

— Siku ile mulijaribu mara ishirini. Mkono wa gazi ulikuwa wapi?

— Katikati, Mwalimu.

— Mara zote?

— Mara zote.

Tulijaribu mara ishirini mahali pale pamoja ambapo kosa halikuweza kuonekana. Sisi hatukusema moyoni "tumdanganye". Lakini tulipoficha skochi, hatukuwa tena na hamu ya kutafuta mahali pengine.

Kisha tulikwenda kwa Papa Nahodha nyumbani kwake, sisi wanane wote. Tulitayarisha maneno mengi. Alitusikiliza akishona wavu. Mwishoni alisema:

— Kuchubua waya, kila fundi anachubua. Mimi pia nilitoboa mashua zamani, nikiwa kijana. Lakini muliniacha nibebe batoto ya watu juu ya kitu chenye munajua na mimi sijui. Hii ndiyo mbaya.

Tulinyamaza. Akaendelea:

— Sasa, kifungo changu munarudisha lini?

Hatukutegemea neno hili. Tulifikiri hatatutaka tena karibu na mashua. Mmoja wetu alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba mpaka macho yake yalipokauka.

6. Kifungo cha pili

Tulikirudisha. Safari hii ilichukua siku nne badala ya moja. Tulipiga tupa ukingo wa tundu mpaka kidole kilipita bila kukwaruzwa. Tuliweka mpira wa kukinga waya. Tulitupa waya za zamani, tukatia mpya zisizo na fundo ndani ya mkono, zote tatu ndani ya bomba laini. Pale ku kona tuliacha waya ndefu kidogo, zizunguke kama pete, ili mkono ukienda mbele na nyuma zisivutwe wala kubanwa. Fundo ziko chini ya ubao, mahali pakavu, na zinaweza kuchomolewa kwa mkono bila kifaa.

Kisha tulijaribu. Mkono katikati, mkono nusu, mkono mpaka mwisho, mkono nyuma kabisa, na motere imezimwa. Tuliusukuma huku na huku mara mia, mmoja akihesabu kwa sauti, mwingine akiweka sikio ku pompi. Baadaye tulikwenda ziwani na magunia ya mchanga ndani ya mashua, Mwalimu akiwa pamoja nasi, na Papa Nahodha akasukuma gazi mpaka mwisho. Pompi haikutoa sauti mpaka kidole chake kilipotaka.

Mwalimu alileta pia daftari ya jalada gumu. Inakaa ndani ya sanduku la mashua, katika mfuko wa plastiki. Kila mtu anayegusa motere anaandika vitu vitatu: amefanya nini, amejaribu namna gani, na kitu gani hakikumalizika. Ku ukurasa wa kwanza tuliandika sisi, na hatukuruka mstari wa tatu. Katika majuma haya mstari ule umejazwa mara nyingi: "boloti moja ya nyuma inapungua", "batri inachoka asubuhi", "sikuweza kufungua filtre ya esanse". Papa Nahodha hajui kusoma sana Kifaransa, kwa hiyo tunaandika Kiswahili. Anasoma mstari wa tatu kabla ya kila safari, kidole kikifuata maneno.

Basi, ndugu wasomaji, hiyo ndiyo habari yote. Hakuna shetani aliyeingia ku motere, na Papa Nahodha hakusinzia. Atakayesema tena maneno hayo, mwonyesheni gazeti hili.

Kwa wakubwa wetu kumi na mmoja wa mwaka wa sita: tulikwisha kuomba msamaha kwa mmoja mmoja, na sasa tunauomba mbele ya shule nzima. Kwa wadogo wetu watakaoingia seksioni ya mekanika, tunawaachia neno moja dogo. Mtu akikuuliza "Vipi?", usijibu "Iko sawa" kama wewe mwenyewe unajua mahali ulipoweka skochi. Sema "Iko sawa, isipokuwa pale." Itakuletea haya ya dakika mbili. Sisi tulikataa haya ya dakika mbili, na wengine wakalipa robo saa.



Sisi wanane wa mwaka wa tano, seksioni ya mekanika